Jinsi ya kuchunguza minyoo bapa wa utumbo wa chura katika magharibi mwa Kenya

Mwanafunzi au mwalimu wa biolojia anayeishi Kisumu, Ahero, Kakamega au Nakuru hana haja ya kusafiri mbali ili kuwaona minyoo bapa wa amfibia wakiwa hai, kwa sababu vyura wanaowabeba wamo mitaroni, katika mashamba ya mpunga na kwenye madimbwi ya kunyweshea ng'ombe. Nashikilia jambo moja tangu mwanzo: chura hauawi mpaka kinyesi chake kimeshindwa kujibu swali lililoulizwa, na akishauawa, kila sehemu ya utumbo wake huchunguzwa katika chombo chake peke yake, kwa kuwa mahali alipokutwa mnyoo ni nusu ya utambulisho wake.

Minyoo bapa wanaoishi ndani ya utumbo wa chura ni wa makundi mawili. Trematoda ni minyoo wasio na pingili, wenye umbo la jani au la koni, wanaojishikiza kwa vifyonzi. Tegu ni minyoo warefu kama mkanda au uzi, wenye pingili, wasio na mdomo wala utumbo wao wenyewe, ambao hufyonza chakula kupitia ngozi. Kundi la tatu, monojenea, lina minyoo wa jenasi Polystoma na jamaa zao. Hawa wakikomaa hukaa katika kibofu cha mkojo wala si katika utumbo, lakini anayepasua mpaka kwenye kloaka, yaani tundu moja la chura la kutolea kinyesi, mkojo na mayai, atakutana nao, na ni vyema awajue.

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, na humo salamanda, amfibia mwenye mkia na umbo la mjusi, hutajwa bega kwa bega na chura. Trematoda wa jenasi Brachycoelium huishi katika utumbo wa salamanda wa huko, na wale wa jenasi Megalodiscus hukaa mwishoni mwa utumbo wa amfibia wa Amerika Kaskazini. Kenya haina salamanda wa asili; barani Afrika wanapatikana kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Aljeria na Tunisia. Kwa hiyo picha za vitabu hivyo zinafaa kumfundisha mtu maumbo ya jumla, lakini si za kubandikia majina minyoo waliotolewa katika chura wa Ahero.

Mahali, ruhusa na tahadhari

Vyura wanaofaa kwa kazi hii ni wale walio wengi. Katika mashamba ya mpunga ya Ahero na kandokando ya Ziwa Victoria wako Hoplobatrachus occipitalis, ambaye ni chura mkubwa anayekaa majini akitokeza macho tu, vyura wembamba warukao mbali wa jenasi Ptychadena, na Xenopus victorianus mwenye kucha miguuni, ambaye karibu maisha yake yote humalizikia majini. Mijini na mabomani yuko Sclerophrys gutturalis mwenye ngozi ya vinundu, anayekuja chini ya taa kula wadudu. Kwa walio Nakuru, ziwa lenyewe lina maji ya magadi, hivyo ni afadhali kuwatafuta vyura katika mabwawa ya mashambani na kwenye vijito vya maji baridi upande wa Njoro. Msitu wa Kakamega una spishi ambazo hazipaswi kuguswa na mwanafunzi anayejifunza kupasua. Mmoja wao, Leptopelis mackayi, alielezwa kisayansi mwaka 2006 tu kutoka msitu huo.

Chura ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamhusu. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na kukamata wanyama kunahitaji kibali cha mamlaka za wanyamapori, ambako Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Naivasha ina sehemu yake. Chuo kikuu nacho kina kamati ya maadili ambayo lazima iridhie jinsi wanyama watakavyoshikwa na kuuawa. Barua hizi zishughulikiwe mapema, maana mvua ndefu za Machi hadi Mei, ambazo ndizo zinazowatoa vyura kwa wingi, hazimngojei mtu.

Hatari kubwa zaidi ya kazi hii haimo ndani ya chura bali ndani ya maji anamoishi. Ufuo wa Ziwa Victoria una kichocho cha matumbo kinachoenezwa na konokono wa jenasi Biomphalaria, na mabuu wa kichocho hupenya ngozi iliyo nzima bila mtu kuhisi chochote. Vaa gamubuti ndefu na glavu za mpira, tumia wavu wenye mpini mrefu, na usikubali kuingia majini miguu mitupu hata kwa dakika moja kwa sababu chura mzuri ameonekana. Mtu aliyelowa amweleze mhudumu wa afya kwamba amegusa maji ya ziwa, ili apimwe na apewe prazikwanteli, dawa ya kichocho, ikihitajika.

Minyoo waliokomaa katika utumbo wa chura kwa kawaida hawaishi ndani ya binadamu. Liko buu moja, hata hivyo, ambalo ni la kuogopwa: buu la tegu wa jenasi Spirometra, ambaye hukomaa katika mbwa, paka na wanyama wengine walao nyama, lakini akiwa mchanga hukaa katika misuli na chini ya ngozi ya chura akiwa kama utepe mweupe usio na pingili. Buu hilo linaweza kuingia mwilini mwa mtu kwa kula nyama mbichi ya chura au kwa kuipaka kwenye jicho au kidonda. Ndiyo maana glavu hazivuliwi mpaka meza imeoshwa.

Chura naye analindwa dhidi yetu. Kuvu Batrachochytrium dendrobatidis, ambaye ameangamiza amfibia katika sehemu nyingi za dunia na ambaye yumo pia Kenya, husafiri kwa tope la viatu na nyavu zilizolowa. Baada ya kila bwawa, sugua viatu, vioshe kwa dawa ya klorini ya kufulia, suuza, kisha anika juani vikauke kabisa kabla ya kwenda kwingine, na kila chura ashikwe kwa glavu mpya.

Anza na kinyesi

Mweke kila chura peke yake katika kopo la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa, pamoja na maji machache tu ya kulowesha tumbo lake. Maji ya bwawani hayafai, kwa sababu yana viumbe vyake vitakavyochanganya hesabu; tumia maji ya mvua, au maji ya bomba yaliyoachwa wazi siku nzima ili klorini itoke. Makopo yakae kivulini usiku kucha. Asubuhi mrudishe chura palepale alipokamatwa, si katika bwawa lililo karibu na maabara, kisha ushughulikie kilichobaki.

Koroga kinyesi katika maji, chuja kwa shashi ndani ya glasi ndefu na uache kwa muda wa dakika kumi hivi. Mimina maji ya juu polepole, ongeza mengine safi, na urudie mpaka maji ya juu yawe meupe. Tone la masimbi, yaani uchafu uliotuama chini, huwekwa kwenye slaidi, hufunikwa kwa kioo chembamba na kutazamwa kwa ukuzaji wa mara 100. Maabara nyingi zimezoea kuyafanya mayai ya minyoo yaelee juu kwa maji yaliyokolea chumvi, na njia hiyo ni nzuri kwa minyoo mviringo, lakini mayai ya trematoda ni mazito, hubaki chini, na chumvi huyakunja yasitambulike. Anayetafuta minyoo bapa atumie njia ya kutuamisha.

Yai la trematoda lina rangi ya manjano au kahawia na kwa kawaida lina kifuniko kidogo upande mmoja, ambacho huonekana kama mstari mwembamba karibu na ncha. Pamoja na mayai, karibu kila mara ataonekana kiumbe bapa mwenye umbo la jani, anayeteleza huku akijizungusha, amejaa nukta nyingi ndani. Huyo ni Opalina, kiumbe wa seli moja anayeishi mwishoni mwa utumbo wa chura, na wanafunzi wengi humwandika kuwa ni mnyoo mchanga. Dalili ya kumtofautisha ni kwamba hana kifyonzi hata kimoja, na mwili wake wote umezungukwa na nywele fupi zinazopiga mawimbi.

Njia hii ina mipaka yake, kwani mnyoo mchanga hatagi na yai peke yake mara chache hutaja spishi. Lakini kwa shule, na kwa mtu anayetaka kujua tu kama vyura wa bwawa fulani wana minyoo bapa au hawana, inatosha, na ningependa kuona shule nyingi zaidi zikiishia hapo.

Kufungua utumbo

Yafuatayo yanamhusu mwenye kibali na mafunzo. Vyura waliogongwa na magari usiku wa mvua wanaweza kutumika kabla ya kukamata hata mmoja, mradi waokotwe alfajiri kabla ya jua kuwapata, maana minyoo bapa huanza kuharibika saa chache tu baada ya mwenyeji wao kufa.

Chura anayeuawa kwa ajili ya uchunguzi huzamishwa katika mmumunyo wa trikaini, dawa inayojulikana maabarani kwa jina la MS-222, wa gramu 5 kwa lita moja, uliopunguzwa ukali kwa magadi ya kuokea mpaka usiwe na asidi. Trikaini isiyopunguzwa ukali huunguza ngozi, na chura huteseka bila sababu. Huachwa humo saa nzima au zaidi, kisha aliyefunzwa huhakikisha kifo kwa kuharibu ubongo na uti wa mgongo. Kumtupa chura katika pombe au kumgandisha akiwa hai ni ukatili, na hakuna matokeo yanayohalalisha jambo hilo.

Tayarisha mapema maji ya chumvi ya asilimia 0.65, yaani gramu 6.5 za chumvi katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Ile ya asilimia 0.9 inayotumiwa hospitalini ni kali mno kwa mnyoo wa chura, na maji matupu humvimbisha mpaka akapasuka. Mlaze chura chali, kata ngozi ya tumbo kuanzia chini kwenda juu kwa mkasi wenye ncha butu, kisha ukate ukuta wa misuli kando kidogo ya katikati ili kuepuka mshipa mkubwa wa damu unaopita hapo. Kabla ya kugusa kitu kingine, tazama kibofu cha mkojo, ambacho ni mfuko mwembamba unaopenya mwanga karibu na kloaka, kwa kuwa kikipasuka ovyo minyoo waliomo watachanganyika na wa utumbo.

Sasa funga utumbo kwa uzi sehemu tatu: penye mwisho wa tumbo la chakula, penye mpaka wa utumbo mwembamba na utumbo mpana, na karibu na kloaka. Kata kando ya kila fundo na uweke kila kipande katika sahani yake ya petri yenye maji ya chumvi, ikiwa na lebo tayari. Ni hapa ambapo kazi nyingi huharibika, kwa sababu mtu mwenye haraka hutoa utumbo wote na kuupasua katika sahani moja, akapata minyoo wengi asiojua walikotoka. Utumbo mwembamba ni makazi ya trematoda wa jenasi Mesocoelium na ya tegu. Utumbo mpana, karibu na kloaka, ni makazi ya Diplodiscus. Jina la jenasi mara nyingi huanza kudhaniwa kabla hata hadubini haijawashwa.

Pasua kila kipande kwa urefu na ukifunue polepole chini ya hadubini ya kupasulia. Diplodiscus haihitaji kutafutwa sana: ni mnyoo mnene wa milimita chache, mwenye umbo la koni, na sehemu yake pana ni ya nyuma, ambako kuna kifyonzi kikubwa kinachoziba ncha yote ya mwili. Kwa kifyonzi hicho amebana ukuta wa utumbo kwa nguvu, na sehemu nyembamba ya mbele huinuka, hurefuka, hupapasa huku na huku na kujikunja tena. Usimvute kwa koleo, maana atakatika au atatoka na nyama. Mpe muda, umwagie maji ya chumvi kwa pipeti, yaani mrija wa kunyonyea na kudondoshea matone, na umsukume upande mmoja wa kifyonzi kwa ncha ya brashi laini ya rangi. Akilegea tu, mnyonye kwa pipeti yenye mdomo mpana.

Baada ya kuwatoa wanaoonekana, kwangua ute wa utumbo kwa upande wa slaidi, utikise katika glasi ndefu ya maji ya chumvi, tuamisha na utazame masimbi. Trematoda wadogo hubaki katika ute huo, na anayeruka hatua hii atawahesabu pungufu kila mara.

Kuwatambua bila kubahatisha

Tenga kwanza wasio bapa. Minyoo mviringo, ambao ndio wengi katika vyura, wana ncha mbili zilizochongoka na hupiga mwili kama mjeledi. Minyoo wenye kichwa cha miiba huonyesha pua iliyojaa kulabu. Kati ya wanaobaki, kichwa cha tegu ndicho cha kutazamwa. Nematotaenia, ambaye hupatikana hasa katika vyura wa nchi kavu kama Sclerophrys, ana mwili wa mviringo kama uzi, vifyonzi vinne na hana kulabu, na pingili zake hazionekani wazi ila upande wa nyuma. Cephalochlamys namaquensis, tegu wa Xenopus, badala ya vifyonzi ana mifereji miwili kichwani, na chura humpata kwa kumeza vijidudu vya maji wa kundi la kopepoda. Kwa trematoda, chora mahali vilipo vifyonzi, korodani, ovari na matawi ya utumbo. Mchoro wa mkono, hata usio mzuri, hulazimisha jicho kuona kile ambacho picha ya simu hukiacha.

Konokono wa bwawa nao hufaa kuchunguzwa, kwa kuwa trematoda karibu wote hupitia kwao. Yai la Diplodiscus huanguliwa majini, buu huingia ndani ya konokono, na baadaye serkaria, yaani mabuu wenye mkia, hutoka na kujifungia katika vifuko juu ya ngozi ya chura. Chura anapojivua ngozi na kuila, kama ilivyo desturi yake, humeza vifuko hivyo. Weka konokono mmoja mmoja katika glasi za maji safi mwangani kwa saa chache, ukiwa umevaa glavu, kisha tazama maji. Serkaria wa kichocho ana mkia uliogawanyika ncha mbili, na wa Diplodiscus ana mkia mmoja na madoa mawili ya macho. Hata hivyo, minyoo wa tumbo la ng'ombe nao wana serkaria wenye madoa ya macho, wakitoka katika konokono wa aina hiyohiyo, na kwa kuwa ng'ombe hunywa maji karibu kila bwawa la huku, serkaria peke yake asitumiwe kutaja mnyoo wa chura.

Kuhifadhi na kuandika

Mnyoo akitiwa katika formalini baridi akiwa hai hujikunja, na hakuna fundi atakayemnyoosha tena. Waweke katika maji machache ya chumvi, kisha wamwagie ghafla maji ya chumvi yaliyokaribia kuchemka. Hufa mara moja wakiwa wamenyooka. Wahamishe upesi katika ethanoli ya asilimia 70 kwa ajili ya kupakwa rangi, na uwatenge wachache katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi kwa ajili ya uchunguzi wa DNA, kwa sababu formalini huharibu DNA.

Rangi ya asetokamini hupakwa usiku kucha. Siku inayofuata ondoa ziada kwa ethanoli ya asilimia 70 iliyotiwa matone machache ya asidi ya hidrokloriki, ukitazama chini ya hadubini mpaka ngozi ipauke na viungo vya ndani vibaki vyekundu. Hatua hii haina saa maalumu, jicho ndilo linaloamua. Pitisha katika ethanoli ya asilimia 80, 90 na 95, safisha kwa mafuta ya karafuu mpaka mwili upenyeze mwanga, na ufunike kwa zeri ya Kanada, ambayo ni utomvu unaopenya mwanga na kugandisha kioo.

Katika daftari, kila chura apate namba, spishi, jinsia, urefu, mahali na tarehe, na chini yake idadi ya minyoo kwa kila sehemu ya utumbo. Chura asiye na mnyoo huandikwa sifuri wala haachwi nje. Tuseme vyura 20 wamechunguzwa, 8 kati yao wana Diplodiscus, na minyoo wote ni 32: kiwango cha maambukizi ni asilimia 40, wastani kwa chura aliyeambukizwa ni minyoo 4, na wastani kwa vyura wote ni 1.6. Tarakimu hizi tatu zisichanganywe, na idadi ya vyura waliochunguzwa itajwe daima kando yake.

Lebo ya kila chupa iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu na itiwe ndani ya chupa yenyewe, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka katika ethanoli na lebo ya nje hubanduka. Sampuli zilizo bora, pamoja na mwili wa chura aliyezibeba, zipelekwe Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi badala ya kubaki kabatini, ili atakayetilia shaka jina ulilompa mnyoo aweze kumtazama yeye mwenyewe.